Mnazi Mmoja: Uwanja Usioweza Kumzuia Mbu

Atokaye Posta kwenda sokoni Kariakoo kwa miguu hupita Mnazi Mmoja, mahali pa wazi katikati ya majengo yaliyosongamana. Wapitao hapo kila siku ni wengi. Wajuao kwamba uwanja huo unahusiana na historia ya malaria ni wachache.

Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Kuanzia mwaka 1901 madaktari wa Kijerumani walipima damu ya wakazi wa Dar es Salaam na kuwapa kwinini walioonekana kuwa na vimelea. Malaria haikwisha, kwani aliyetibiwa leo huumwa na mbu kesho.

Waingereza, wakiendeleza mipango waliyoikuta, waliugawa mji katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo kwa Waafrika. Baina ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Ubaguzi huo ulitetewa kwa hoja ya afya: Mwafrika aliyezoea malaria hubeba vimelea pasipo kuugua, basi akiwekwa mbali, mbu hatawafikishia wengine.

Sehemu ya kwanza ya hoja ni kweli, lakini hitimisho lake halikusimama. Mbu aina ya Anofelesi aweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na uwanja ule haufiki upana huo. Tena huuma hasa usiku, nao watumishi wengi walilala kwenye nyumba za mabwana zao. Vimelea havikuhitaji kuvuka uwanja, vilikwisha kuvushwa.

Kilichosaidia ni kumshambulia mbu majini: kufukia madimbwi, kuchimba mifereji, na kumwaga mafuta juu ya maji ili viluwiluwi vikose hewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja DDT, yenye nguvu kubwa. Lakini pale ilipotumiwa kwa muda mrefu, mara nyingi walizuka mbu wasiouawa nayo. Mfereji hauzoeleki hivyo, ila ukiziba huwa dimbwi jipya. Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianza mpango ambamo wakazi wenyewe walikagua madimbwi ya mitaa yao na kuyatia bakteria ziuazo viluwiluwi. Maambukizi yalipungua katika kata zilizohusika.

Wanafunzi wanaweza kuanza uchunguzi kwa kuteka maji ya dimbwi katika chupa nyeupe na kuifunika kwa kitambaa. Kiluwiluwi kinacholala sambamba na uso wa maji ni cha Anofelesi. Kinachoning'inia kichwa chini huenda ni cha Kuleksi, apendaye maji machafu ya vyoo na mitaro, naye hueneza matende na mabusha. Katika joto la pwani, yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo mtaro unaosafishwa kila wiki hukatiza maisha yake. Usafishwao mara moja kwa mwezi humwachia nafasi ya kuzaliana.