Mita Kuukuu kwa Garimoshi Dogo

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wazima, tena wengine wahandisi, ambao hutenga chumba kizima kwa ajili ya garimoshi la mfano. Juu ya meza pana hutandazwa reli nyembamba, hujengwa stesheni, madaraja na vilima, na garimoshi dogo huzunguka humo kwa nguvu za umeme. Katika kipimo kiitwacho HO kila kitu hupunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5 tu. Kwa desturi ya tangu zamani, umeme wa mkondo mnyoofu, aghalabu wa volti zisizozidi 12, hupitishwa katika reli zenyewe: reli moja ni njia ya kwendea, na ya pili ni ya kurudia. Volti zikiongezwa, mota iliyo ndani ya kichwa cha garimoshi huenda mbio. Ncha chanya na hasi zikibadilishana nafasi, garimoshi hurudi kinyumenyume.

Mwendeshaji wa garimoshi hilo hana moshi wa kutazama wala mngurumo wa kusikiliza. Kwa hiyo huweka mbele yake mita mbili za mshale: voltimita iliyounganishwa sambamba na reli, na ammita iliyoingizwa katika njia ya mkondo. Kichwa chenye afya kikivuta mabehewa machache mahali tambarare, mshale wa ammita hukaa mahali pamoja. Kikianza kupanda kilima, mshale huinuka pole pole. Ikiwa mzigo ni ule ule wa mwezi uliopita na njia ni ile ile, lakini mshale sasa umepanda zaidi, huenda mafuta yamekauka katika gia, au mota imeanza kuharibika. Gurudumu likitoka relini na kuleta shoti, ammita huruka hadi mwisho na voltimita huanguka karibu na sifuri kwa wakati mmoja. Mita ya tarakimu huweza kuwa sahihi kuliko zote mbili; lakini tarakimu zinaporukaruka jicho hushindwa kuzisoma, ilhali mwendo wa mshale hufahamika hata kwa kutupiwa jicho mara moja.

Siri ya mita hiyo ilianza kufunuliwa mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Copenhagen alipoona kwamba waya wenye mkondo hugeuza sindano ya dira. Mwaka 1882 Wafaransa d'Arsonval na Deprez waligeuza mambo: sumaku ikatulia, na koili ya waya ndiyo ikazunguka. Miaka sita baadaye Edward Weston, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, akatoa mita ya kubebeka ambayo msomaji wake hakuhitaji hesabu ndefu. Koili nyepesi huning'inia kati ya ncha za sumaku zilizochongwa duara, na hairspringi mbili, yaani kamani nyembamba kama unywele, huizuia isizunguke ovyo. Kwa sababu ya umbo hilo la ncha, mkondo ukiongezeka mara mbili, mshale nao husogea mara mbili. Hili ndilo linalomwezesha mwanafunzi kuibadili mita moja ifanye kazi nyingine kabisa.

Kwa ajili ya bei, wapenzi wa garimoshi walizoea kutafuta mita katika vitu vilivyotupwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili vifaa vingi vya majeshi viliuzwa kama mabaki. Huko London maduka ya mtaa wa Lisle yalijulikana kwa biashara hiyo, na huko New York watu walikwenda Cortlandt, mpaka maduka yake yalipobomolewa katika miaka ya 1960 kupisha ujenzi wa World Trade Center. Siku hizi mita hutoka katika mashine kuukuu za kupimia, chaja za betri, na hata radio za kaseti zenye kidirisha cha kuonyesha nguvu ya sauti.

Hapa pana hatari isiyoonekana. Baadhi ya mita za ndege na za majeshi za zama hizo zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani. Rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka michache, kwa kuwa kemikali inayotoa nuru huchoka; radiamu yenyewe haichoki hivyo, maana huchukua miaka 1600 hivi kupungua nusu. Mita ambayo zamani iling'aa, na leo haing'ai, bado ina mnururisho. Isifunguliwe kioo, wala vumbi lake lisivutwe puani. Iliyo bora ni kuiacha dukani.

Mita iliyo salama husomwa kwanza usoni, tena si zile namba kubwa. Mita iliyoandikwa "volti 0–300" au "lita" huenda ni ya miliampea 1 tu, na lililobaki ni maandishi. Chini ya skeli hupatikana alama ndogo: kiatu cha farasi maana yake ni sumaku na koili izungukayo, mstari ulionyooka ni mkondo mnyoofu, na wimbi ni mkondo geu, namba kama 2.5 ni kosa linaloruhusiwa kwa asilimia ya kipimo cha mwisho. Yafaa pia kuchungulia nyuma, kwani rizista huweza kuwa imefichwa ndani ya kasha.

Kosa linaloua mita nyingi ni kuigusisha moja kwa moja na betri "ili kuona kama inafanya kazi". Koili ya omu 75 ikipewa volti 1.5 hupitisha miliampea 20, yaani mara ishirini ya uwezo wa mita ya miliampea 1. Njia ya hadhari ni kuunganisha betri ya volti 9, rizista ya megaomu 1 na mita kwa mfululizo, kisha kupunguza ukinzani hatua kwa hatua mpaka mshale ufike mwisho. Ukinzani wote uliobaki ukiwa kiloomu 9, kanuni ya Ohm yasema mita ni ya miliampea 1. Sasa rizista nyingine inayorekebishika iunganishwe sambamba na mita. Mshale ukirudi katikati kabisa, mkondo umegawanyika sawa, na ukinzani wa rizista hiyo ni karibu sawa na wa koili.

Tuseme umepatikana kuwa omu 75. Ili mita ipime hadi volti 15, saketi yake yote iwe na omu 15,000. Hivyo rizista ya mfululizo ni omu 14,925, na ile ya kawaida ya kiloomu 15 huleta kosa la nusu asilimia tu, dogo kuliko kosa la mita yenyewe. Kuipimisha ampea 2 ni kazi ya waya mfupi uliowekwa sambamba, ambao mafundi huuita shanti. Mita hufika mwisho kwa volti 0.075, mkondo uliobaki, ampea 1.999, lazima upite katika shanti, na ukinzani wake huwa omu 0.0375. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 ungehitajika kama mita 2.2, lakini ukinzani wa shaba huongezeka kwa kiasi cha asilimia 4 kwa kila nyuzijoto 10. Waya wa konstantani wa unene huo huo, sentimita 7.7, hauyumbi hivyo. Aloi hiyo nayo ni kazi ya Weston yule yule. Mita isiunganishwe kabla ya shanti kukazwa kwa skurubu, kwa kuwa shanti ikilegea mkondo wote huingia katika koili.

Mtego wa mwisho umekuja na mitambo ya tarakimu, iliyoanza kuenea katika miaka ya 1990. Katika mfumo huo reli hubeba wakati wote umeme wa volti 14 hadi 16 hivi, ambao hugeuka geuka upesi mno: nusu ya kila alama ya "moja" huchukua sehemu 58 za milioni ya sekunde. Koili haiwezi kufuata mwendo huo. Huonyesha wastani, na wastani ni karibu na sifuri. Mshale hulala wakati reli zina umeme wa kutosha kuunguza nyaya nyembamba. Wenye mita za kale huweka kwanza daraja la daiodi nne za kasi ili mkondo wote uelekee upande mmoja. Au, pale ambapo mtambo hulishwa kwa mkondo mnyoofu, huingiza ammita katika njia ya ulishaji, kabla mkondo haujafika mahali unapoanza kugeuzwa.