Mgeni wa uwanjani

Mchezo wa kriketi una jambo moja ambalo ningependa walimu wenzangu walitie maanani. Katika sheria zake zilizoandikwa, mna mapumziko ya chai. Si desturi tu, ni sheria. Na kwa mazoea ya miaka mingi ni timu mwenyeji inayowaandalia wageni kinywaji na cha kutafuna. Nikiwa mwanafunzi Mombasa nilizoea kusimama kando ya ua wa Mombasa Sports Club nikitazama watu waliovaa nguo nyeupe. Hesabu ya mikimbio ilinipiga chenga, lakini chai niliielewa barabara.

Kenya ilipoishinda West Indies mjini Pune mwaka 1996, na ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, wengi tulidhani kwamba mchezo huo ungeshuka kutoka vilabuni hadi vijijini. Wapi! Ukivuka daraja la Kilifi ukaelekea Malindi, kinachosakatwa chini ya minazi ni kandanda. Na kandanda haina sheria ya chai. Hata hivyo, sijapata kuona kwingine mgeni wa uwanjani akikirimiwa kama anavyokirimiwa katika viwanja vya huko.

Likizo ya Agosti iliyopita, sisi walimu wa shule moja ya Mombasa tulialikwa na timu ya kijiji kilicho kati ya Matsangoni na Gede. Uwanja wenyewe ulikuwa wa mchanga, magoli ya boriti yasiyo na wavu, mistari imechorwa kwa jivu. Katika pembe moja ulisimama mkorosho, hivi kwamba mpiga kona alilazimika kuinama kwanza kabla ya kuupiga mpira. Wenyeji walikuwa wameizoea kona hiyo. Sisi hatukuizoea, na bao lao la kwanza lilitoka huko huko. Tulifungwa matatu kwa moja.

Kabla ya mchezo tulipewa madafu. Baada ya mchezo tukaketishwa juu ya mikeka chini ya mwarobaini, yakaletwa mahamri na mbaazi za nazi, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na birika la chai ya tangawizi. Mama mmoja aliyekuwa akitupakulia alisema aliamka alfajiri kukuna nazi. Nilipomuuliza mzee wa timu gharama hizo zinatoka wapi, alicheka.

"Mwalimu, huyu kaleta nazi, yule kaleta sukari. Mwenye mashua kauza samaki, katoa nauli ya unga. Wewe kula."

Nikala. Lakini mbaazi zile zilinikwama kidogo kooni, kwa sababu sisi wenye mishahara tulikuwa tumekwenda mikono mitupu. Hata mpira uliochezwa ulikuwa wao, umeshonwa na kushonwa tena. Kiongozi wetu alitoa hotuba fupi ya shukrani, tukapanda matatu, tukarudi mjini tukijisifu kwa matembezi mazuri. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipona nini mwenyeji wetu siku ile?

Pwani hiyo ina historia ndefu ya kupokea wageni. Aprili 1498 Vasco da Gama, baada ya kutoelewana na watu wa Mombasa, alipokewa vizuri na Mfalme wa Malindi akapewa na nahodha wa kumwelekeza Bara Hindi. Nguzo ya Wareno ingali pale ufukweni kwa yeyote anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake. Yaliyofuata baada ya makaribisho yale, walimu wa historia hawahitaji kufundishwa nami.

Wiki tatu baadaye nilirudi kijijini na mipira miwili na wavu, kulipa japo sehemu ya deni. Nilimkuta mzee amesimama katikati ya uwanja akitazama chini. Vigingi vya simenti vilikuwa vimezikwa, kimoja karibu kabisa na duara la katikati. Alisema wamekuja watu na ramani, wakapima, wakaondoka. Kiwanja hicho vijana wa hapo wamekichezea tangu yeye mwenyewe akiwa kijana. Karatasi, hapana.

Tatizo hili halikuanza jana. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayasajili. Wamijikenda wengi walijikuta wakiishi juu ya ardhi ambayo katika vitabu ni ya mtu mwingine au ya serikali. Watu wakiwa hawana hati ya kiunga cha babu yao, nani atakumbuka hati ya kiwanja cha mpira? Nasi tusidhani kwamba mashule yamesalimika. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa vitoza machozi walipoutetea uwanja wao. Mwalimu mkuu anayesoma makala haya na aifungue kabati yake leo, aone kama hati ya shule imo.

Kuna la kuongeza. Kilifi ndiko shirika la Moving the Goalposts lilikowaingiza wasichana katika kandanda mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hapo kijijini niliwaona wasichana wakisubiri wavulana wamalize zamu yao. Uwanja ukipungua, zamu itakayokatwa kwanza naijua, nawe unaijua.

Mzee na wenzake wamekwisha kumwona chifu, na wameambiwa wapeleke majina ya wanaokumbuka uwanja ulianza lini. Wameyapeleka. Wakati huohuo mchezo wa marudiano umepangwa, na juzi nimepokea ujumbe wake: njooni, ila mje wachezaji saba, kwa kuwa tumebakiwa na nusu ya upande wa mkorosho.

Nimewagawia wenzangu vitu vya kubeba: majani ya chai, sukari kilo nne, unga, mafuta ya kupikia. Mahamri wamekataa tusiyapike sisi.