Mbegu Moja, Mashamba Mawili

Mkulima mpendwa, ukipanda mahindi ya gunia moja katika mashamba mawili, moja ukalipalilia na la pili ukaliachia magugu, je, mavuno yatakuwa sawa? Hata mtoto atakujibu. Basi mwili wa mwanadamu nao ni vivyo hivyo.

Watu wengi husema, "Ugonjwa wa sukari ni wa ukoo wetu, kama ni wa kunipata, utanipata tu." Neno hili ni kweli nusu. Mtu ambaye baba au mama yake ana kisukari cha ukubwani yumo katika hatari zaidi kuliko wengine. Lakini urithi si hukumu.

Sikiliza habari za Wapima, wenyeji wa asili wa Amerika. Wengine wao hukaa Arizona, Marekani, na ndugu zao wa damu hukaa milimani Mexico. Wale wa Arizona walikuwa hodari wa kumwagilia mashamba, lakini karne ya 19 ilipokaribia kwisha walowezi waliyachepua maji ya mto Gila, na kilimo chao kikafa. Baadaye wakazoea vyakula vya dukani, na kazi ya mikono ikapungua. Wa Mexico waliendelea kulima. Mwaka 2006 wataalamu walitoa hesabu: katika watu wazima 100 wa Arizona, 38 walikuwa na kisukari, kule Mexico, wapatao 7 tu.

Tena, mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani juu ya watu 3,234 ambao sukari ya damu yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliofundishwa kupunguza uzito na kutembea kwa haraka dakika 150 kila juma waliugua kwa uchache wa asilimia 58 kuliko walioachwa bila mafunzo hayo.

Mimi niandikaye ni karani wa kushinda kitini, na baba yangu anao ugonjwa huu. Sasa naenda kazini kwa miguu, na chai nainywa bila sukari.

Nawe fanya hivi: usiuze maharagwe na mboga zote ukanunue soda na mkate mweupe. Ukiona kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara au uchovu, nenda zahanati upimwe damu. Na aliyepewa dawa asiiache.

Mbegu hukuichagua. Shamba ni lako, lipalilie.