Gauni la Smoki na Siri ya Marinda Yake

Mtu atazamaye gauni la mtoto wa kike lililoshonwa smoki kwa mkono, akaona safu za nyuzi za rangi zilizopita kifuani kama mawimbi ya maji yaliyotulia, aghalabu hudhani kuwa nakshi ile iliwekwa juu ya nguo kwa pambo tu, kama vile kanzu itiwavyo tarizi shingoni. Walakini dhana hiyo ni kinyume cha mambo yalivyo, kwa kuwa katika smoki nakshi ndiyo iishikayo nguo, na lau nyuzi zile zingekatwa moja baada ya moja, kifua cha gauni kingefumuka kikawa kitambaa kitupu chenye upana mara tatu ya ule aliouhitaji mtoto. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kwanza, maana makosa mengi ya wanaojifunza kazi hii huzaliwa na kutolijua.

Asili yake ni mashamba ya Uingereza. Katika karne ya 18 na ya 19, wachungaji wa kondoo, waendesha magari ya farasi na vibarua wa kulima walivaa joho pana la kitani au la pamba nzito, lililokatwa kwa vipande vya mraba na vya mstatili ili kitambaa kisipotee bure. Na kwa kuwa joho la namna hiyo lingempepea mvaaji kama tanga lisilofungwa, washonaji waliukusanya upana wake kifuani, mgongoni na mikononi kwa marinda membamba, wakayafunga marinda hayo kwa mishono ya uzi ambao mara nyingi ulikuwa wa rangi ile ile ya kitambaa. Faida yake ilikuwa dhahiri: pale palipofungwa pakawa pazito, pakakinga baridi, na bado pakatanuka kila mtu anyooshapo mikono kushika kazi yake. Jumba la makumbusho ya maisha ya mashamba lililoko mjini Reading limehifadhi majoho mengi ya aina hii. Imeenea hadithi kwamba michoro ya kifuani ilikuwa alama ya kazi ya mvaaji, gurudumu kwa mwendesha gari na fimbo kwa mchungaji. Ni hadithi ya kupendeza, lakini ushahidi wake ni haba, nami sioni hasara kuiacha.

Mitambo ilipoingia mashambani, nguo pana ikawa hatari karibu na mikanda na magurudumu yaendayo kasi, na nguo za bei nafuu za viwandani zikalisukuma joho kando. Wakati huo huo watu wa mjini walianza kulitamani. Kate Greenaway, mchoraji wa vitabu vya watoto ambaye kitabu chake cha mwaka 1879 kilimpa sifa kubwa, aliwachora watoto katika mavazi ya zama zilizopita, na wazazi wakataka watoto wao wavae kama wale wa kitabuni. Mwaka 1884 duka la Liberty la London likafungua idara ya mavazi chini ya msanifu wa majengo Edward William Godwin, na smoki ikawa miongoni mwa fahari zake. Hivyo ndivyo vazi la kibarua lilivyohamia kifuani mwa binti wa tajiri, likibadili kitambaa na rangi, ila mshono ukabaki ule ule.

Kazi huanza kabla ya gauni kuwa gauni. Kitambaa chepesi cha pamba, kama bafta laini au poplini, hufuliwa na kupigwa pasi kwanza, ili kama ni cha kurudi kirudi kabla ya kushonwa, si baada. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 2, ambaye kipande cha kifuani mwake kitakuwa na upana wa inchi 10 hivi: kitambaa chake sharti kiwe na inchi 30. Upande wa ndani hutiwa vitone, kila kimoja robo inchi mbali na mwenziwe, na safu na safu zikiachana takriban sentimita 1. Kisha sindano hupita ikipiga bandi, ikiokota kila kitone, uzi mmoja kwa safu moja, wenye fundo imara mwanzoni na mkia ulioachwa huru mwishoni. Inchi 30 zina vitone 120, na safu 10 ni vitone 1,200, ambavyo vyote vitaokotwa kabla ya mshono mmoja wa nakshi kutiwa. Zikisha safu hizo, nyuzi huvutwa pamoja na kitambaa hujikunja marinda 120 yaliyosimama bega kwa bega kama fito. Vitone vikikosa kunyooka, hakuna ustadi wa baadaye utakaoificha kasoro hiyo.

Sasa ndipo nakshi ianze. Uzi wa kudarizi wenye nyuzi 6 ndani yake hugawanywa, zikatumika 3, au 2 kwa nguo ya kichanga. Sindano hulazwa, haisimamishwi; hupita ubavuni mwa rinda ikichukua theluthi ya juu ya kimo chake, wala haizami hadi chini zilikokaa bandi. Ikizama mno, marinda hukazana na kifua huwa kigumu.

Na mishono nayo ina tabia mbalimbali, ambazo mshonaji asipozijua atapanga kwa macho tu, ilhali ilimpasa apange kwa akili. Mshono wa kamba, uendao kwa kubana rinda moja moja katika mstari ulionyooka, hutanuka kidogo sana. Ule wa kupishana, uzi ukikaa juu kwa rinda moja na chini kwa rinda lifuatalo, nao ni imara. Mshono wa mawimbi, na ule wa almasi utokanao na mawimbi mawili yanayoelekeana, hulegea zaidi; na wa sega la nyuki, ambao hushika marinda mawili pamoja, ukateremka ndani ya rinda hadi safu ya chini na kushika la pili pamoja na la tatu, ndio utanukao kupita yote. Basi mpangaji hodari huanza juu, karibu na shingo, kwa mishono imara, akateremka hatua kwa hatua hadi ile milegevu, safu ya mwisho ikiwa ya mawimbi yenye ncha zitazamazo chini, ili marinda yaachiliwe polepole na sketi imwagike kwa upana wake. Palipo na nafasi pana kati ya safu, marinda hufungwa upande wa ndani kwa mshono usioonekana nje. Hatimaye nyuzi za bandi huvutwa zikatolewa, isipokuwa ule wa juu kabisa, ambao hungoja gauni liunganishwe.

Marekani, hasa katika majimbo ya kusini, wapo wapendao kujaza kifua kwa picha za mabata, matunda na maua, zilizoshonwa kwa mishono iliyobanana. Watoto huzifurahia, lakini kifua kilichobanwa hivyo hakitanuki, na kwa rai yangu gauni hilo limepoteza nusu ya hikima yake.

Katika miji yetu, mafundi wengi huzungusha uzi wa lastiki katika bobini ya cherehani, wakapiga safu kadhaa zinazojivuta zenyewe, na kazi hiyo nayo watu wengi huiita smoki. Siidharau, kwani ni ya haraka na bei yake humfaa mzazi wa kipato kidogo. Walakini lastiki huchoshwa na kufuliwa, na joto la pasi huila, ikalegea isirudi tena. Smoki ya mkono hutanuka kwa sababu ya mikunjo na mishono, wala hakuna mpira ndani yake wa kuchoka. Kwa hiyo gauni lililoachiwa pindo la inchi 4 chini huweza kumfuata mtoto mwaka hadi mwaka, kisha likarithiwa na mdogo wake. Na fundi anayetaja bei ya siku zake zote za kazi astahili kulipwa bila kubishwa kama kwamba alipiga lastiki.

Gauni hilo lisigandamizwe pasi kifuani. Hubanwa kwa pini juu ya meza likiwa katika kipimo chake, likapitishiwa mvuke wa pasi iliyoinuliwa juu kidogo, na kuachwa hadi likauke. Uzi mwekundu na wa buluu nzito ujaribiwe majini kwanza, usije ukachuja juu ya kitambaa cheupe.

Na mwenye kutaka kujaribu asianze na kitambaa cheupe. Atafute wari moja ya kitambaa cha drafti chenye miraba ya robo inchi, ambacho pembe za miraba yake zatosha kuwa vitone, akate kipande cha inchi 30 kwa 6, apige safu 6 za bandi kwa uzi wa rangi tofauti, avute, atie mshono wa kamba juu, wa almasi katikati na wa mawimbi chini. Kisha atoe bandi, akishike kipande kwa mikono miwili na kukivuta, apate kuona kinavyotanuka na kurudi.