Siku Moja Iliyonunua Mwaka Mzima

Machi 2015, katika mechi za kujiandaa na msimu wa besiboli wa Marekani, kijana Kris Bryant wa Chicago Cubs aliupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja mara 9, na hakuna mchezaji wa klabu nyingine yoyote aliyemfikia. Msimu ulipofunguliwa mwezi uliofuata, jina lake halikuwamo kikosini. Alipelekwa Iowa, kwenye timu ya daraja la chini inayolea vipaji vya Cubs, na klabu ikaeleza kwamba bado anahitaji kunolewa katika ulinzi. Aprili 17 akaitwa Chicago, timu ikiwa imecheza mechi 8 tu. Mwisho wa msimu, siku zake za utumishi katika ligi kuu zilikuwa 171. Mwaka kamili wa utumishi ni siku 172.

Kwa msomaji wa soka, ambako mkataba ukiisha mchezaji huondoka zake, kanuni hii ni ngeni. Katika besiboli ya Marekani mchezaji hawi huru kujichagulia klabu mpaka atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu, hata kama kila mwaka anasaini mkataba mpya. Miaka ya mwanzo, kwa kawaida 3, hulipwa kima cha chini au zaidi yake kidogo; mwaka 2015 kima hicho kilikuwa dola 507,500. Baada ya hapo, asipoelewana na klabu, mshahara wake huamuliwa na wasuluhishi. Kwa hiyo ile siku moja iliyopungua iliwapa Cubs mwaka mzima wa ziada: Bryant, ambaye angekuwa huru baada ya msimu wa 2020, alingoja hadi baada ya ule wa 2021. Chama cha wachezaji kilipeleka lalamiko, na mapema 2020 msuluhishi akalikataa. Kwa mujibu wa kanuni zilizokuwapo, klabu haikuwa imevunja chochote.

Hapo ndipo penye hoja. Husemwa kwamba klabu huchelewesha vijana kwa sababu ya ufukara: Pittsburgh au Tampa haziwezi kushindana kwa mishahara na New York au Los Angeles, basi ziachiwe angalau mwaka mmoja zaidi wa kipaji zilichokilea zenyewe. Lakini Cubs si maskini. Ni miongoni mwa klabu zenye mapato makubwa kabisa katika mchezo huu, na walifanya vilevile. Klabu ndogo nazo haziachwi mikono mitupu, maana asilimia 48 ya mapato ya ndani ya kila klabu huingia kwenye mfuko mmoja unaogawanywa sawa kwa klabu zote 30. Anayemweka kijana nje, tajiri au maskini, anafanya hivyo kwa sababu kanuni inamlipa akifanya hivyo.

Wapo watakaouliza: wiki mbili ni nini katika msimu wa mechi 162? Mwaka 2021 Toronto Blue Jays walishinda mechi 91 wakakosa mtoano kwa mechi moja. Tena shabiki wa Aprili hauziwi tiketi kwa bei ya kikosi pungufu. Ngojangoja huumiza matumbo, na huumiza zaidi pale anayengoja anapojua kwamba sababu aliyopewa si ya kweli.

Pingamizi zito zaidi ni la ukomavu, na nalipa uzito wake. Jarred Kelenic wa Seattle Mariners alipopandishwa Mei 2021, wastani wake wa kupiga mpira uliishia .181, wa chini mno. Vijana wengine kweli wanahitaji muda. Ila Februari ya mwaka huohuo rais wa klabu hiyo, Kevin Mather, alikuwa amewaambia wanachama wa Rotary mjini Bellevue kwamba vijana wake hawakupandishwa 2020 ili saa ya utumishi isianze kuhesabiwa. Video ya maneno hayo iliposambaa alijiuzulu. Kosa la kiufundi mashabiki husamehe. Kilichowachoma ni kusikia kwamba swali la iwapo kijana yuko tayari halikuwa limepewa nafasi ya kwanza.

Mkataba wa pamoja wa 2022, uliofikiwa baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji milango kwa siku 99, ulijaribu kurekebisha. Mchezaji chipukizi akimaliza wa kwanza au wa pili katika kura za tuzo ya chipukizi bora, hupewa mwaka kamili hata kama siku hazitoshi. Na klabu inayompandisha mapema kijana wa daraja la juu inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua wachezaji wapya. Mwaka huohuo Mariners walianza msimu na Julio Rodríguez, akatwaa tuzo, klabu ikapata zawadi yake. Pittsburgh Pirates walimngojesha mrushaji Paul Skenes hadi Mei 11, 2024. Naye akatwaa tuzo, akapewa mwaka wake kamili, na klabu ikakosa vyote viwili: mwaka wa ziada na nafasi ya kuchagua.

Ni hatua njema, lakini inawalinda nyota wawili tu katika kila kundi la ligi. Kijana anayemaliza wa tatu au wa tano bado anaweza kuibiwa mwaka wake kwa hesabu ya siku. 

Dawa ni kuiondoa saa mikononi mwa klabu. Wamiliki waliwahi kupendekeza, 2021, kwamba uhuru uje kwa umri wa miaka 29 na nusu; umri huo ni mkubwa mno kwa anayeanza akiwa na 21, na chama cha wachezaji kilikuwa na haki ya kuukataa. Lakini msingi wa pendekezo ulikuwa sahihi, maana umri hauchelewi kwa mtu kuwekwa Iowa. Mkataba wa sasa unaisha Desemba 2026. Pande mbili zikikaa mezani, zibishane juu ya umri gani, 26 au 27, na ile hesabu ya siku 172 ifutwe.