Nilishangilia "Hasi" Tatu, Kumbe Sikuelewa

Mimi ndiye niliyekigusa kile kivimbe kwanza. Tumejilaza Jumapili usiku tunaangalia tivii, mkono wangu ukakutana na kitu kigumu kwenye titi lake la kushoto, kama kete ya bao. "Mama Neema, hii nini?" Akasema ni maziwa tu, si mtoto ndo kwanza kaacha kunyonya. Nikaamini. Ana miaka 33, anafanya mazoezi, nani angefikiria saratani? Baada ya miezi mitatu kete ilikuwa ndimu.

Siku ya majibu tulikwenda wote. Daktari akasoma: estrojeni hasi, projesteroni hasi, HER2 hasi. Nikamkumbatia mke wangu palepale! Jamani, sisi tuliokulia kwenye foleni za kupima ukimwi, hasi ni sherehe. Daktari akasubiri nimalize, kisha akasema taratibu, "Kaka, hapa hasi si habari njema."

Akatueleza. Seli nyingi za saratani ya matiti zina vipokezi vya homoni, au zina protini ya HER2 kupita kiasi. Hivyo ni kama milango, na zipo dawa za kuibana, mfano tamoksifeni. Aina ya mke wangu haina hata mlango mmoja kati ya hiyo mitatu. Kwa kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti duniani, kama 10 hadi 15 wanayo. Huwapata zaidi walio chini ya miaka 40, wanawake weusi, na waliorithi hitilafu ya jeni ya BRCA1. Dada zake wawili wakaambiwa nao waende wakaonane na daktari.

Na mbona inakimbia hivi? Seli zetu zote zina jeni zilezile, tofauti ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Kwenye aina hii, jeni ya p53, ambayo ni breki, mara nyingi huwa imeharibika. Nyingine inaitwa MYC, yenye kuamuru seli ikue, mara nyingi inabaki imewashwa kupita kiasi. MYC ikikolea, seli inavuta glukosi kwa fujo. Mjerumani Otto Warburg aliliona jambo hilo miaka ya 1920: hata oksijeni ikiwepo, seli ya saratani haiichomi sukari mpaka mwisho, inaivunja nusunusu na kuacha asidi ya laktiki. Utadhani ni ufujaji, lakini mabaki mengine ndiyo matofali ya kujengea seli mpya.

Hapo ndipo nilipoharibu, maana katika maelezo yote hayo nilisikia neno moja tu: sukari.

Jioni ile nikamwaga kopo zima. Nikapiga marufuku ugali, wali, chapati, hata ndizi mbivu. Mama mkwe alipoleta uji wenye sukari, nilimpokonya kikombe mkononi. Mkwe wangu, mtu mzima! Mke wangu akageukia ukutani.

Tulipokwenda kwa dripu ya tatu alikuwa amepungua kilo 6, na daktari akakataa kumtundikia. "Nani anakulisha, dada?" Akalia. "Daktari, kila kijiko ninachoweka mdomoni, huyu ananitazama kama namlisha adui."

Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari akanigeukia: mgonjwa asipokula, ini lake hutengeneza sukari lenyewe, hata kwa kuvunja misuli, na uvimbe unaendelea kujichotea. Anayekonda ni mke, si uvimbe. Soda na peremende zipungue, sawa, lakini mayai, samaki, maharage na ugali wake ale. Seli hizi zinazogawanyika haraka ndizo kemo inazozilenga, ndiyo maana wameanza nayo kabla ya upasuaji. Bila nguvu, hataimaliza.

Sasa amemaliza dripu ya tano. Ndimu imerudi kuwa kete, na upasuaji ni mwezi ujao. Usiku tunaogopa, siwezi kukuficha, ila siku hizi tunaogopa pamoja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama mkwe kuomba radhi, nimebeba kitenge na kilo mbili za sukari. Akaupima ule mfuko mkononi, akanitazama juu mpaka chini.

"Baba Neema, hii sukari nikishaikoroga hutanipokonya?"