Mashine ya Kahawa ya Betri: Yafaa Wapi, na Wapi Haifai?

Kahawa katika mwambao wa Waswahili ni kinywaji cha baraza. Dele huwekwa juu ya makaa, maji hutokota pamoja na kahawa iliyotwangwa na tangawizi au iliki, na vikombe vidogo visivyo na mkono hupita kutoka kwa mtu hadi mtu. Ndivyo ilivyo Mombasa na Lamu, na ladha hiyo haiwi ngeni kaskazini zaidi, kwa Wabajuni wa Kismayu na wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Jirani zao Wasomali nao wana desturi yao ya kale, ambapo buni nzima hukaangwa kwa samli au mafuta ya ufuta kisha hutafunwa. Katika desturi zote hizo moto ndio mwanzo wa mambo.

Siku hizi madukani kuna chombo kinachodai kuuondoa moto huo. Ni mashine ndogo, mfano wa chupa ya maji ya kunywa, yenye betri ndani yake. Mtumiaji hutia maji upande mmoja na unga wa kahawa upande wa pili, akabonyeza kitufe, na mashine huyapasha maji na kuyasukuma kwa nguvu yapite katika unga. Muuzaji huisifu kuwa ni rafiki wa msafiri, wa mvuvi na wa askari aliye mbali na umeme. Bei yake si ndogo. Kwa hiyo familia inayofikiri kumnunulia baba au kijana aliyeko kituoni haina budi kuuliza kwanza kama sifa hizo ni za kweli.

Pwani ya Kismayu ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Somalia haina mtandao mmoja wa umeme wa taifa. Mjini umeme huuzwa na makampuni ya watu binafsi, na katika visiwa na vituo vya mbali watu hutegemea sahani za kunasa nguvu za jua au jenereta ndogo. Tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Kismayu mwishoni mwa Septemba 2012, askari wengi wenye kuzungumza Kiswahili wamelala katika pwani hii, na jamaa zao nyumbani wamezoea kufikiri ni kitu gani kinachostahili kuwekwa katika mkoba wa safari.

HESABU YA MOTO

Maji ni mazito kuyapasha. Jambo hili halibadilishwi na tangazo lolote la biashara. Nguvu ya betri hupimwa kwa wati-saa, yaani nguvu ya wati moja ikitumika kwa saa nzima. Kikombe kimoja kidogo cha kahawa huchukua kama mililita 60 za maji. Kuyatoa maji hayo katika joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida kwa maji ya pwani, mpaka nyuzi 90, kunahitaji wati-saa 4 na kidogo. Ongeza moto unaopotea kwa kulipasha bati la mashine yenyewe, na hesabu hufika karibu wati-saa 6.

Sasa itazamwe betri. Chukua ile iliyoandikwa miliampea-saa 7,500 katika volti 3.7. Ukizidisha ampea-saa 7.5 kwa 3.7 utapata wati-saa 28 hivi. Gawanya kwa 6, na jibu ni vikombe vinne, pengine vitano. Baada ya hapo mashine hunyamaza hadi itiwe umeme tena.

Linganisha na baraza la watu kumi, kila mmoja akinywa vikombe viwili. Hiyo ni lita 1.2 za maji. Kuyachemsha tu kunataka wati-saa 98, yaani betri tatu na nusu za namna ile, hata kama hakuna tone la moto litakalopotea. Jiko la mkaa linaloingiza sehemu moja tu kati ya tano ya moto wake katika chombo litaifanya kazi hiyo kwa gramu 60 hivi za mkaa. Hata tukisema kwamba kahawa ya dele hukaa motoni muda mrefu na hula mkaa mara tatu zaidi, bado ni konzi chache tu. Kwa baraza, basi, dele halina mshindani.

Hii si kusema kwamba mkaa hauna gharama. Kismayu yenyewe ilikuwa bandari kuu ya mkaa uliosafirishwa nchi za nje, biashara iliyowajaza fedha wapiganaji na kuimaliza migunga ya bara. Ndiyo maana Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2036 la Februari 2012, lilipiga marufuku mkaa wa Somalia kuuzwa nje. Mwenye kupikia mkaa nyumbani hana hatia katika hilo, lakini jiko lenye udongo ndani, lisilopoteza moto, lina manufaa zaidi kwa miti kuliko mashine ya vikombe vinne.

KAZI AMBAYO BETRI HUIWEZA

Mashine hufanya kazi mbili, na kazi hizo hazilingani. Kupasha maji ni kazi nzito. Kuyasukuma maji yapite katika unga ni kazi nyepesi mno, ijapokuwa msukumo wake huweza kufika mara tisa ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Kwa hiyo mashine ile ile inayoishiwa baada ya vikombe vinne vya maji baridi huweza kutoa makumi ya vikombe ikiwa maji yametiwa yakiwa tayari ya moto.

Hapa ndipo penye siri ya matumizi mema. Maji na yachemshwe jioni jikoni, penye moto wa chakula, kisha yahifadhiwe katika chupa ya chai ile isiyopoteza joto. Usiku, betri iachiwe kazi ya kusukuma peke yake. Zipo pia mashine za namna hii zisizo na betri kabisa, ambazo husukumwa kwa mkono. Huwa nyepesi zaidi, na hazina cha kuishiwa. Mwenye chupa nzuri ya chai na mashine ya mkono amepata karibu kila kitu alichotafuta katika ile ya betri.

Mshika chombo anayelala dago, au baharia aliyemo mashuani kati ya Koyama na Kismayu, ana sababu nyingine ya kuipenda. Kuwasha makaa ndani ya chombo cha mbao chenye mafuta ya injini ni kucheza na msiba. Askari wa lindo naye hawezi kuwasha moto usiku, kwa kuwa mwanga na moshi humsaliti. Lakini akumbuke kwamba mashine nyingi zina taa ndogo, na pampu hunguruma. Kitambaa cheusi hufunika taa. Mngurumo haufunikiki vizuri, na penye ukimya wa lazima mashine hiyo haina nafasi.

HATARI ILIYO KUBWA KULIKO KUKOSA KAHAWA

Kuna jambo moja ambalo kwalo mashine hii hustahili heshima. Mkaa unaowaka ndani ya hema lililofungwa, handaki au chumba kisicho na dirisha, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mwenye kuivuta huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala na asiamke. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ni hatari vilevile, na kuyaweka karibu na kitanda ili yalete joto wakati wa mvua ni kosa lililoua watu katika nchi nyingi.

Mke wa askari aliye kambini, na kijana aliyeko kituoni, na wayajue haya hata kama hawatainunua mashine yoyote. Jiko la mkaa mahali pake ni nje. Ikiwa mashine ya betri itamfanya mtu mmoja asiliingize jiko hemani, bei yake imekwisha kulipwa.

MAJI YA KISIMA NA CHUMVI YA BAHARI

Wenyeji husimulia kwamba jina la Kismayu latokana na kisima cha juu. Katika pwani hii maji ndiyo habari ya kwanza. Visima vya visiwani aghalabu huwa na chumvi kidogo, na maji matamu ni yale ya mvua yanayokusanywa katika jabia. Maji ya kisima huacha utando mweupe kama chokaa katika mirija myembamba ya mashine, na mrija ukiziba, pampu huungua. Maji ya mvua, yaliyochujwa kwa kitambaa safi na kuchemshwa, ni bora. Utando ukionekana, pitisha maji ya moto yenye juisi ya ndimu iliyochujwa, halafu suuza mara mbili kwa maji matupu.

Hewa ya bahari nayo hula chuma. Tundu la kutilia umeme lipanguswe kwa kitambaa kikavu, na mashine ihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko. Kahawa inayopikwa kwa dele haidai unga wa namna moja, ila mashine hudai. Unga laini mno huiziba, na unga mkubwa hutoa maji ya rangi yasiyo na ladha. Iliki na tangawizi zitiwe kikombeni. Zikitiwa ndani ya mashine, harufu yake haitatoka kwa urahisi.

KUITUNZA BETRI

Betri za lithiamu zina nguvu, na zinapoharibika huwaka moto mkali. Usiitie umeme mashine iliyoachwa juani au ndani ya hema lenye joto kali, bali ngoja ipoe kivulini. Betri iliyovimba isitobolewe wala isitumiwe. Mashine iliyotumbukia baharini isitiwe umeme tena. Iwekwe nje, mbali na nyumba na risasi. Anayesafiri kwa ndege abebe betri za akiba katika mkoba wa mkononi, kwani haziruhusiwi katika mizigo ya chini, na betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida haihitaji kibali cha shirika la ndege.

Sahani ya jua ya wati 20, katika saa tano za jua kali, haiwezi kutoa zaidi ya wati-saa 100, na vumbi na joto huzipunguza. Sahani hiyo hiyo hutazamiwa na simu, tochi na redio. Majira ya mvua, mawingu yakitanda na kusi ikichafua bahari, nguvu hupungua zaidi na vyombo vya kuleta mahitaji huwa vichache. Katika siku hizo tochi na redio zitangulie, na kahawa iwe ya mwisho.

JARIBIO LA NYUMBANI

Kabla ya kuituma mashine, familia na iijaribu. Jaza betri kabisa. Pima mililita 60 za maji baridi kwa chupa ya dawa yenye alama, tengeneza kahawa, tazama saa, kisha rudia bila kuitia umeme mpaka ikatae. Andika idadi ya vikombe. Siku ya pili rudia kwa maji ya moto ya chupani. Ikitoa vikombe pungufu ya vitatu vya maji baridi, irudishwe dukani mapema. Ikiwa tofauti ya siku hizo mbili ni kubwa, familia itajua kwamba zawadi haikamiliki bila chupa ya chai.

Kwa ufupi, mashine ya kahawa ya betri ni chombo cha mtu mmoja au wawili, penye ulazima wa kutowasha moto: lindoni, hemani na chomboni. Hapo yafaa, na itafaa zaidi ikipewa maji ya moto. Penye baraza, penye wageni, penye ua wa kuwekea seredani, fedha ni afadhali zinunue jiko jema na chupa madhubuti, na kinachobaki kinunue kahawa yenyewe.